Geti la Shemeji Nyuma ya Nyumba

Kuna wanaume wakistaafu hufuga kuku. Wengine hukaa kibarazani wakasema watu. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, alistaafu akajenga reli. Reli nzima na treni juu yake, nyuma ya nyumba, kati ya maua na kamba ya kuanikia nguo. Naiita reli nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Ungeiona mwenyewe ungesema ni banda la kuku limelala chali.

Mjueni kwanza mtu mwenyewe. Kazi yake ya maisha ilikuwa kufunga geti. Pale barabara kuu inapokatiza reli palikuwa na kibanda cha ukubwa wa choo, ndani mna kiti kimoja, simu moja na shemeji. Simu ikilia, ujue treni inakuja. Anatoka, anashusha mti wa chuma, watu na magari wanasimama, naye anasimama na bendera yake ya kijani, kifua mbele kama jogoo aliyeamsha jua. Treni inapita. Anainua mti, anarudi kitini. Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ndevu hazijaota mpaka zikaota na kuingia mvi.

Lakini msikilize anavyoisimulia! Utadhani treni zilikuwa zinapiga goti kumwomba ruhusa. "Mimi nikisema barabara imefungwa, hata waziri anasubiri," husema hivyo huku anakoroga chai. Debe tupu hilo. Treni ilikuwa inampita kama inavyopita nguzo ya simu, na nguzo ya simu angalau ilikuwa ndefu.

Na jambo la kuchekesha kuliko yote: hajawahi kupanda treni. Wafanyakazi wa reli walikuwa wanapewa safari ya bure kila mwaka, wenzake wanapanda na wake zao na vikapu vyao, wanakwenda kuona nchi. Yeye anasema, "Nitamwachia nani geti?" Kama vile geti lingelia usiku likimtafuta. Kwa hiyo treni aliyoijua yeye ni ubavu wake tu, unaokwenda mbio. Uso wake hakuujua, wala mgongo.

Hapo getini ndipo alipompata mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa msichana, anajifunza kushona, ana furushi la vitambaa kichwani na anamwahi fundi wake. Geti likamfungia usoni. Ilikuwa treni ya mizigo, na siwatanii, treni ile ilikuwa ndefu mpaka kichwa chake kilifika mwisho wa safari, kikashusha mizigo, kikapakwa rangi upya, na mkia bado unapita pale getini. Bwana yule akajongea na bendera yake, akaanza maneno. Behewa la mwisho lilipopita, mdogo wangu alikuwa keshaposwa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, huyu kazi yake ni kuwasimamisha watu wenye safari zao. Na wewe atakusimamisha." Akacheka. Ukipenda chongo, utaita kengeza.

Basi zikapita siku, wakubwa wa reli wakaleta geti la umeme. Linajifunga lenyewe, linajifungua lenyewe, halikohoi, haliposi wasichana. Shemeji akapewa saa ya ukutani, akaambiwa ahsante, aende nyumbani. Saa! Wamempa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi.

Nyumba yenyewe inaendeshwa na mdogo wangu. Yeye ndiye fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kiko nyuma, mwisho wa bustani. Wateja wanaingia kwa uchochoro wa pembeni, wanakatiza bustani, wanafika mlangoni kwake. Anashona magauni, anapunguza suruali za waliokonda na kupanua za walionenepa, lakini kinachotia mafuta kwenye taa ni sare za shule moja kubwa. Kila mwaka ni mashati, sketi, kaptula, rundo juu ya rundo. Mimi nakaa nao tangu nilipofiwa na mume, na dirisha la chumba changu linatazama bustani. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mwanzoni alikaa sebuleni. Simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya jirani ng'ambo ya ukuta, shemeji anasimama wima, anashika kitu kilicho karibu. Siku moja alishika taa ya mezani akaipeleka mpaka mlangoni. Mdogo wangu akamwambia, "Baba watoto, tafuta cha kufanya, utaniua kwa presha." Angenyamaza! Kesho yake mtu akarudi na nondo nyembamba mabegani, anatweta, anatabasamu.

Reli ilikuwa hizo nondo. Mataruma, zile mbao ambazo reli inazilalia, yalikuwa chaga za kitanda changu cha zamani, ambazo sikuulizwa. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, tumboni mwake mna mota ya waipa ya gari lililokufa. Nyuma yake kigari cha kubebea betri ya pikipiki, halafu mabehewa ya makopo ya maziwa ya unga, na ukiinama vizuri unamwona yule mtoto mnene wa kwenye kopo anakuchekea kutoka dirishani. Ndiye abiria pekee aliyewahi kuipanda.

Mwendo wake? Nilimwona konokono kwa macho yangu akiipita, akageuka nyuma kuangalia kama imepata ajali. Kuku aliyeanza kutaga ilipotoka nyuma ya tangi la maji alikuwa na vifaranga ilipofika kwenye mipapai. Na kwa kuwa kopo halina honi, shemeji alikuwa anaipigia honi kwa mdomo wake mwenyewe. "Pooo! Pooo!" Mtu mzima, mwenye wajukuu. Jioni akitaka iache kutembea, anaivizia, anaikamata kama kuku wa kuchinjwa, anaigeuza miguu juu, magurudumu yanarusharusha mateke hewani, ndipo anachomoa waya.

Yote hayo ningeyameza. Kumbe kiini cha mambo hakikuwa treni. Reli ilizunguka tangi, ikapita nyuma ya mipapai, halafu ikakata njia ile ya wateja, katikati kabisa, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha kushonea. Na hapo, bila shaka mmeshajua, akaweka geti.

Mti wa geti ulikuwa fimbo ya pazia la sebuleni. Aliipaka rangi nyekundu na nyeupe, akafunga jiwe upande mmoja ili iinuke kwa urahisi, na pazia letu tangu siku hiyo likaning'inia kwenye misumari kama mtu aliyenyongwa. Pembeni akajenga kibanda cha mabati, akaingiza kiti, akatundika ile saa. Akavaa kofia yake ya kazini. Bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono ule.

Ndipo tukaanza kukoma.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na ndoo kichwani, nimetoka bombani, naelekea kwa mdogo wangu. Mti ukashuka mbele ya pua yangu.

"Shemeji," nikasema, "nina ndoo ya maji kichwani."

"Naiona, shemeji. Treni imeshaondoka."

"Imeondoka wapi?"

"Imeondoka."

"Basi inafika lini?"

"Shemeji, mtu akiwa getini haulizi maswali. Anasubiri."

"Kopo la mafuta, shemeji? Nisubiri kopo la mafuta?"

"Ungekuwa umefunga breki ya mkono kama wenye magari, ungesubiri vizuri zaidi."

Nikasubiri. Yule mtoto mnene wa kopo akapita ananichekea. Bendera ya kijani ikapepea. Mti ukainuka. Maji ndani ya ndoo, nawaambia, yalikuwa yameanza kuota ukungu.

Wateja nao wakasubiri. Ndicho kilichonishangaza. Watu wenye haraka zao, watu wanaotukanana kwenye foleni ya benki, wakifika pale wakaona kofia, bendera na fimbo ya pazia iliyopakwa rangi, wanasimama. Kimya! Mwanamke mmoja alileta kitambaa ashonewe gauni la mimba. Alipopita geti, ikabidi apimwe upya, ameshajifungua. Kijana wa karakana alileta suruali ipunguzwe, akatoka pale inamtosha bila kupunguzwa. Mmoja mmoja wakaanza kupungua. Fundi mwingine alikuwa amefungua duka kona ya pili, hana geti.

Mdogo wangu si mtu wa kelele. Ana pini mdomoni kutwa, kwa hiyo amezoea kusema kidogo. Lakini jioni moja alizitema pini zote kiganjani, akamwendea mumewe kibandani. Mimi nilikuwa naanua nguo, masikio yangu hayana mlango.

"Baba watoto. Ijumaa Mwalimu Mkuu anakuja mwenyewe kuangalia sare. Akiridhika, kazi ya mwaka ni yetu tena. Asiporidhika, inakwenda kona ya pili."

"Ataridhika. Unashona vizuri."

"Sizungumzii kushona, nazungumzia fimbo yangu ya pazia. Mwalimu Mkuu akiondoka kwa sababu umemsimamisha hapo, kazi ikapotea, Jumamosi asubuhi nang'oa nondo moja moja kwa mikono hii. Nauza chuma chakavu. Na wewe unarudi sebuleni kukaa."

Shemeji akaangalia bendera zake. Akasema, polepole, "Kama treni haipo, hasimami."

"Basi isiwepo."

"Ratiba ni ratiba, mama watoto."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikunja mashuka huku nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kupanda bamia zangu pale reli itakapotoka.

Ijumaa ikafika. Mdogo wangu alipiga pasi mpaka sare zikawa zinasimama zenyewe kama askari. Nikamwambia shemeji, kwa wema tu, "Leo kaa ndani, shemeji. Jifanye unaumwa. Unaweza kujifanya mjinga bila shida, hili litakushinda?" Akavaa kofia. Akaitoa treni kwenye sanduku lake, akaiweka relini, akaunganisha waya. "Pooo!" Ikaondoka. Hesabu yake ilikuwa kwamba Mwalimu Mkuu atafika wakati treni iko mbali, ndiyo kwanza inaanza kuzunguka tangi, apite kwa heshima zote, na geti likiwa wazi. Alitaka aonwe akifungua, maskini. Mtu aliyefunga maisha yake yote alitaka mara moja mtu mkubwa amwone akifungua.

Lakini Mwalimu Mkuu huja kwa saa yake, hajui ratiba ya kopo. Kabla hajatokea uchochoroni, treni ilikuwa imekwishazunguka nusu ya tangi, na kwa ratiba ya shemeji, ikifika hapo geti lazima lishuke. Mti ukashuka. Na upepo ukapeperusha soksi kutoka kwenye kamba, soksi ya shemeji mwenyewe, ikatua relini nyuma ya tangi. Magurudumu yakaivuta, yakaitafuna, yakanasa. Tukaisikia mota inanguruma "nnnn" kama mbu ndani ya chupa. Treni haiji.

Mwalimu Mkuu akafika. Mama mrefu, mkoba kwapani, miwani imeshikwa na mnyororo. Nyuma yake wateja watatu wengine, wakajipanga kama walivyozoea. Mdogo wangu akasimama mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni, uso umemkauka.

"Kuna nini hapa?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Treni inapita."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Tukasubiri. "Nnnn," ikasema treni nyuma ya tangi.

"Baba watoto, fungua," mdogo wangu akasema.

"Haijapita."

"Imekwama! Huisikii? Nenda kaitoe!"

"Siwezi kuondoka getini wakati limefungwa."

"Basi dada aende."

"Hakuna mtu kukanyaga njia wakati treni iko njiani," shemeji akasema. Jasho linamtiririka kutoka ndani ya kofia. Alijua. Reli yake yote, Jumamosi, chuma chakavu, alijua. Fimbo ya pazia iko chini ya mkono wake, kidole kimoja kingetosha kuiinua. Na hakuweza. Nimeona punda wakaidi wengi, lakini punda angalau hukataa kwenda. Huyu alikuwa anataka kwenda kwa moyo wake wote na mkono unakataa.

Mwalimu Mkuu akashusha miwani puani. Akamwangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyesimama mbele ya ubao na chaki haiandiki.

"Treni yako inatoka wapi?"

Shemeji akaonyesha tangi. "Kule."

"Kule ni wapi?"

Akaonyesha tangi tena.

"Haya. Inakwenda wapi?"

"Inapita, Mwalimu."

"Nimeuliza inakwenda wapi."

"Inapita tu."

"Na inasimama wapi?"

Hapo shemeji akaigeukia reli yake. Sote tukageuza shingo, tukaifuata ile reli kwa macho: tangi, mipapai, kamba, geti, tangi tena. Nondo na chaga zangu, duara. Palikuwa na geti, kibanda, saa, hata kirundo cha kokoto kama kule kazini. Stesheni haikuwepo. Si kwamba ilimshinda kujenga. Haikumjia kichwani! Miezi yote ile ya kugonga na kuchomelea, haikumjia kwamba treni mahali fulani huwa inasimama, watu wakashuka na vikapu vyao wakaenda kwao. Pale alipoketi yeye maisha yake yote, haikuwahi kusimama hata moja.

"Aaa," Mwalimu Mkuu akasema, kama anaandika sifuri. Kisha akatazama kulia kwa geti. Palikuwa na nyasi. Akatazama kushoto. Palikuwa na maua ya waridi mawili yaliyodumaa. Uzio haukuwepo. Shemeji alikuwa anasema kila siku kwamba uzio utakuja. Ilikuwa fimbo ya pazia tu, imesimama peke yake katikati ya bustani tupu.

Mwalimu Mkuu akapiga hatua mbili pembeni, akalizunguka geti, akaruka nondo bila hata kuinua gauni, akamwambia mdogo wangu, "Habari yako, fundi. Nionyeshe mashati kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Na si kwa ajili ya shemeji. Mimi na ndoo yangu! Kijana wa karakana, yule mama wa mimba, wote tuliosimama pale kama mbuzi kwenye mvua, watu wazima wenye akili zetu, tumezuiwa na fimbo ambayo mtoto angeizunguka! Wale wateja watatu wakatazamana. Mmoja akaguna. Wakapita pembeni, mmoja nyuma ya mwingine, bila kumtazama usoni.

Sare zikapendwa. Kazi ya mwaka ikabaki kwetu. Na kwa kuwa mdogo wangu ni mtu wa neno lake, na kazi haikupotea, nondo hazikung'olewa. Bamia zangu nikazisahau.

Lakini kuanzia hapo hakuna aliyesimama tena. Mti ukishuka, watu wanazunguka. "Shikamoo, mzee," wanasema wakipita, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Njia mpya ikachimbika kwenye nyasi pembeni ya geti, nzuri, imenyooka. Shemeji akaendelea kutoka na kofia yake, akashusha mti, akapeperusha bendera kwa mipapai. Kisha akaacha "pooo". Kisha akaacha kuifuta treni vumbi. Siku moja simu ya jirani ililia ng'ambo ya ukuta, nikamtazama. Hakusimama.

"Mwone sasa," nikamwambia mdogo wangu. "Amepoa kama uji wa mgonjwa. Si ndivyo tulivyotaka?"

Mdogo wangu alikuwa na pini mdomoni. Akakusanya vipande vya kitambaa, akavifunga furushi, akaliweka kichwani, akatoka kwa mlango wa mbele. Nikajua anakwenda dukani kununua uzi. Kumbe alizunguka nyumba, akaingia kwa uchochoro kama mteja. Mti ulikuwa umeshushwa. Njia ya pembeni hiyo hapo, wazi, hata kuku anaifahamu. Mdogo wangu akafika mbele ya fimbo yake ya pazia, na furushi lake kichwani, akasimama.

Shemeji akatoka kibandani. Alimtazama muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau ni nani.

"Treni inapita?" mdogo wangu akauliza.

"Inapita," akasema. Akavuta kofia ikakaa sawa. "Ya mizigo. Ni ndefu kidogo."

"Nitasubiri."

Mpumbavu. Hivyohivyo ndivyo alivyoponzwa mara ya kwanza. Nilitoka kwenda kumwambia maneno yake yote, nikafika pale nyuma yake, goti langu likaniuma, na mtu akiumwa goti lazima asimame. Tukasimama. Shemeji akapiga "pooo", ya kizee, imepasuka katikati. Kopo la mafuta likatokea nyuma ya tangi, likiyumba, yule mtoto mnene anacheka dirishani, na shemeji ameinua bendera ya kijani kifua mbele, kama ametuumba.

Ikapita. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda.

"Fungua basi, bwana wee," mdogo wangu akasema. "Nina nguo za watu."